Patrice Lumumba: karani wa posta wa Kisangani aliyepigania haki ya kusema

KISANGANI – Wakaaji wa Kisangani wakisikia jina la Patrice Emery Lumumba, wengi hukumbuka waziri mkuu wa kwanza wa Congo, hotuba ya siku ya uhuru na kifo chake kule Katanga. Lakini kabla ya hayo yote Lumumba alikuwa karani wa posta katika mji huu, wakati ulipokuwa ungali unaitwa Stanleyville. Hapa ndipo alipofanya kazi, alipolea watoto na alipofungwa mara mbili. Hapa pia ndipo alipoanza kuandika magazetini maoni yake juu ya masomo, heshima kazini na namna wazungu walivyowatendea watu weusi.

Maisha yake katika mji huu ni ya mtu aliyeanza kwa kuomba ruhusa ya kusema, akaishia kudai kwamba kusema ni haki ya kila mtu. Yanaonyesha pia jinsi haki hiyo inavyosahauliwa upesi: yeye mwenyewe aliisahau alipopata madaraka, na watu walioua kwa jina lake waliisahau zaidi.

Kijana kutoka Onalua

Lumumba alizaliwa tarehe 2 mwezi wa saba 1925 katika kijiji cha Onalua, karibu na Katako-Kombe, eneo la Sankuru. Wazazi wake, François Tolenga na Julienne Wamato, walikuwa wakulima wa kabila la Batetela. Jina lake la utotoni lilikuwa Élias Okit'Asombo. Alisoma kwa wamisionari Wamethodisti wa Wembo-Nyama na kwa Wakatoliki wa Tshumbe, lakini hakufika mbali shuleni. Mengi aliyoyajua baadaye aliyatafuta mwenyewe vitabuni, usiku, baada ya kazi.

Alipokuwa kijana aliacha kijiji, akapitia Maniema, katika sehemu za Kindu na Kalima ambako makampuni ya madini yaliajiri watu, na mwaka 1944 akafika Stanleyville. Mji ulikuwa na maisha ya kupita na kukutana. Meli kutoka Léopoldville zilikomea hapa kwa sababu ya maporomoko ya mto, na gari la moshi lilichukua watu na mizigo kwenda Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Kiswahili kilitoka mashariki, Lingala ikapanda na mto, na lugha hizo mbili zikakutana sokoni. Lumumba alizungumza zote mbili, pamoja na Kitetela chake na Kifaransa cha ofisini.

Alipata kazi ya ukarani posta. Mwaka 1947 alipelekwa Léopoldville katika shule ya posta, akafaulu, akarudi katika jimbo, na kwa muda alifanya kazi Yangambi kabla ya kurejea Stanleyville. Wanaosimulia maisha yake hueleza kwamba katika safari hiyo ya Léopoldville alivuka mto akaenda Brazzaville. Akiwa na kiu, alisimama mbele ya mkahawa wa wazungu akitaka tu kuomba maji, na mama mzungu mwenye mkahawa akamkaribisha aingie, aketi kama mteja mwingine. Upande wa Wabelgiji jambo hilo halikuwezekana. Upana wa mto tu ulitenganisha sheria hizo mbili, na inasemekana kijana huyo hakulisahau.

Mji wa ruhusa

Kuelewa kwa nini maoni ya karani yalikuwa jambo zito, ni lazima kukumbuka Stanleyville ya miaka ile. Mtu mweusi alihitaji karatasi ili atoke kijijini na kukaa mjini. Alikaa mitaa ya wenyeji, na kutembea usiku katika mtaa wa wazungu kulimtia mashakani. Kwa miaka mingi alikatazwa kununua divai na pombe kali. Mahoteli na mikahawa mizuri haikuwa yake. Kazini aliitwa kwa jina tupu kama mtoto, hata akiwa na mvi.

Hata burudani ilikuwa na mlinzi. Mwaka 1951 waigizaji maarufu Katharine Hepburn na Humphrey Bogart walikuja kupiga picha za filamu ya The African Queen kando ya mto Ruiki, kati ya Stanleyville na Ponthierville. Watu wa huko waliajiriwa kuwasaidia. Lakini katika koloni hiyo hiyo, filamu zilizoonyeshwa kwa watu weusi zilipita kwanza mbele ya kamati ya serikali, ambayo iliamua kitu gani kinafaa macho yao.

Na maneno nayo yalikuwa vivyo hivyo. Chama cha watu weusi hakikuishi bila kukubaliwa na wakubwa wa serikali. Vyama vya siasa havikuwepo. Gazeti kubwa lililochapisha waandishi Wacongomani, La Voix du Congolais, lilianzishwa mwaka 1945 na lilitoka katika ofisi ya habari ya serikali yenyewe, chini ya mhariri Mcongomani, Antoine-Roger Bolamba. Gazeti lingine, La Croix du Congo, lilikuwa la Wakatoliki. Mcongomani aliyetaka kusema kitu hadharani alipaswa kukisema ndani ya nyumba ya mwingine, na kwa sauti ambayo mwenye nyumba aliikubali.

Kalamu yenye adabu

Lumumba aliingia katika nyumba hizo na kujifunza sauti hiyo. Tangu mwisho wa miaka ya 1940 alituma makala katika magazeti hayo. Alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi weusi wa posta wa Province Orientale na aliendesha gazeti lao dogo, L'Écho Postal. Baadaye aliongoza chama cha waevolue wa Stanleyville, yaani watu waliosoma ambao serikali iliwahesabu kuwa wamesogea karibu na desturi za wazungu. Alijitolea katika maktaba ya umma ya mji, na huko alisoma kila kitu alichokipata. Mwaka 1952 na 1953 alimsaidia mtaalamu Mfaransa Pierre Clément, aliyekuja pamoja na wenzake kwa ajili ya Unesco kuchunguza maisha ya watu wa Stanleyville.

Akisomwa leo, mwandishi huyo wa miaka ile anaweza kumshangaza anayemjua Lumumba wa 1960 tu. Aliwasifu Wabelgiji kwa shule na hospitali. Hakutaja uhuru wa nchi. Alilalamika kwa adabu, na zaidi kwa ajili ya watu wa tabaka lake: kwamba mtu aliyesoma asichanganywe na asiyesoma, kwamba karani mweusi anayefanya kazi ya mzungu astahili heshima na mshahara bora.

Aliandika pia kwamba wasichana wapelekwe shule, ili bwana na bibi waweze kuzungumza kama wenzi. Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 1951 alimwoa Pauline Opango, msichana mdogo sana kutoka Sankuru ambaye hakuwa amesoma. Ndoa zake mbili za kwanza zilikuwa zimevunjika. Umbali kati ya alichokiandika na alichokiishi ulikuwa umbali wa waevolue wengi wa wakati ule.

Haki iliyoandikwa kwenye kadi

Serikali ya koloni iliwajibu waevolue kwa kadi. Mwaka 1948 ilianzisha kadi ya sifa ya kiraia. Aliyekuwa nayo, kati ya faida nyingine, hakupigwa tena fimbo ya kiboko. Mwaka 1952 ikaja kadi kubwa zaidi, ya imatrikulasio, ambayo ilimweka mwenye nayo karibu na mzungu mbele ya sheria.

Kuipata kadi hiyo kulikuwa mtihani wa maisha yote. Watu wa serikali walifika nyumbani kwa mwombaji na kutazama chumba cha kulala, jikoni na choo. Waliangalia kama familia inakula mezani kwa uma na kisu, kama bibi yake anajua kukaribisha wageni, na kama ana vitabu. Mtu mzima, baba wa watoto, alisimama kwake kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 10, waliopata kadi hiyo hawakuzidi mamia machache.

Lumumba aliomba, akakataliwa mara ya kwanza. Hakunyamaza. Alikata rufaa, na mwaka 1954 akaipata. Kwa wengi ulikuwa ushindi. Lakini ukurasa huu wa maisha yake unaeleza mengi ya baadaye. Kukosa kuchapwa fimbo kulikuwa zawadi kwa mwenye kadi. Maana yake asiye na kadi aliendelea kuchapwa. Na kile alichopewa kwa karatasi kingeweza kuchukuliwa kwa karatasi nyingine.

Mfalme, safari na gereza

Mwaka 1955 mfalme kijana wa Wabelgiji, Baudouin, alitembelea Congo na kufika Stanleyville. Lumumba alikuwa kati ya waliotambulishwa kwake, na akapata nafasi ya kuzungumza naye kwa muda juu ya hali ya Wacongomani. Jambo hilo lilimpa jina kubwa mjini, na chuki pia. Wakati huo alikuwa amesogea karibu na Waliberali wa Ubelgiji, chama cha waziri wa makoloni Auguste Buisseret, na aliunga mkono shule za serikali zisizokuwa chini ya wamisionari. Maoni hayo hayakuwafurahisha mapadri, na sehemu ya wazungu wa mji walimwona karani huyu kuwa anajipandisha.

Mwezi wa nne 1956 alialikwa pamoja na Wacongomani wengine kuzuru Ubelgiji. Aliporudi, katika mwezi wa saba, alikamatwa. Alishitakiwa kwamba alichukua pesa za ofisi ya cheki za posta, zaidi ya franka 100,000. Hakukana. Alijitetea kwamba mshahara wa mweusi, hata mwenye kadi, haukutosha kuishi maisha ambayo serikali yenyewe ilimdai ayaonyeshe. Marafiki zake walichanga pesa ili zirudishwe. Hata hivyo alihukumiwa miaka miwili, adhabu ambayo baadaye ilipunguzwa.

Ndani ya gereza la Stanleyville aliandika kitabu kizima cha maoni. Kilizungumzia mishahara, ardhi, ndoa, pombe, elimu ya wanawake, mahakama, ubaguzi wa rangi na hiyo kadi ya imatrikulasio. Bado kiliomba Ubelgiji na Congo ziishi pamoja, ila kwa usawa. Alikituma kwa mchapishaji Brussels, lakini hakikutoka akiwa hai. Kilichapishwa mwaka 1961, mwandishi akiwa ameshauawa na mawazo yake yakiwa yamekwisha kwenda mbali kuliko kurasa hizo.

Bia, miziki na umati

Aliachiliwa mwezi wa tisa 1957. Mlango wa posta ulikuwa umefungwa kwake, basi akahamia Léopoldville na kupata kazi katika kiwanda cha bia cha Bracongo, kutangaza bia ya Polar. Ilikuwa ikishindana na Primus ya Bralima, na vita hivyo vya chupa vilipiganwa katika mabaa ya mitaa ya wenyeji, ambako African Jazz na OK Jazz zilicheza na watu wakacheza rumba mpaka usiku.

Kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo magazeti hayakumfundisha. Katika La Voix du Congolais alikuwa akiwaandikia wasomi wenzake na wakubwa wa serikali. Katika baa alizungumza na dereva, fundi, mwanamke wa sokoni na kijana asiye na kazi, kwa Lingala au Kiswahili, na aliwasikia wakijibu. Hao hawakuwa na kadi yoyote na hawangeipata kamwe.

Mwezi wa kumi 1958 alikuwa kati ya waanzilishi wa chama cha Mouvement National Congolais, MNC, kilichotaka Congo moja bila kujali kabila. Mwezi wa kumi na mbili alikwenda Accra pamoja na Gaston Diomi na Joseph Ngalula katika mkutano wa watu wa Afrika yote, ambako alikutana na Kwame Nkrumah na viongozi wengine. Aliporudi, katika mkutano wa hadhara Léopoldville tarehe 28 mwezi huo, hakuomba tena usawa kwa waevolue. Alidai uhuru kwa nchi nzima na akasema uhuru si zawadi ya Ubelgiji. Wiki moja baadaye, tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959, mkutano wa chama cha ABAKO ulipokatazwa, Léopoldville ililipuka, na watu wengi waliuawa.

Mwezi wa kumi 1959, Stanleyville

Katika mwaka huo wa 1959 MNC iligawanyika, tawi moja likamfuata Albert Kalonji na lingine likabaki na Lumumba. Ngome yake ilikuwa Stanleyville. Chama kilikuwa na gazeti hapa lenye jina ambalo kila Mswahili alilielewa bila mkalimani: Uhuru. Kutoka L'Écho Postal hadi Uhuru ilikuwa imepita miaka michache tu.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi, Lumumba alifanya mkutano mkuu wa chama mjini na kuwataka watu wasishirikiane tena na utawala wa koloni. Tarehe 30 askari walijaribu kutawanya watu na kumkamata. Ghasia zilizuka, risasi zikapigwa, na watu zaidi ya ishirini walikufa. Wengi wao hawakuwahi kuandika makala hata moja. Walikuwa wamekuja kusikiliza tu. Tarehe 1 mwezi wa kumi na moja Lumumba alikamatwa, safari hii kwa sababu ya maneno yake. Gereza lilikuwa lile lile la mji, lakini jina la mfungwa lilikuwa limebadilika mbele ya watu. Mwaka 1956 walimwona karani aliyeiba. Mwaka 1959 walimwona mtu wao. Katika uchaguzi wa mji wa mwezi wa kumi na mbili, akiwa ndani, MNC ilipata karibu kura 9 kati ya kila 10.

Tarehe 21 mwezi wa kwanza 1960 mahakama ya Stanleyville ilimhukumu miezi sita kwa kuchochea watu, na kesho yake akapelekwa gereza la Jadotville, Likasi ya leo. Lakini kule Brussels Mkutano wa Meza ya Duara ulikuwa umeanza, na wajumbe Wacongomani walidai aletwe. Tarehe 25 alifunguliwa. Alifika Brussels akiwa na bendeji kwenye mikono palipoumizwa na pingu, na mara baada ya kufika kwake tarehe ya uhuru iliwekwa: 30 mwezi wa sita. Katika mji huo huo African Jazz ya Joseph Kabasele ilipiga kwa mara ya kwanza wimbo Indépendance Cha Cha, uliotaja majina ya viongozi, la Lumumba likiwemo. Redio ziliusambaza Afrika nzima. Mtu aliyefungwa siku chache kabla kwa sababu ya maneno, jina lake likawa linachezewa.

Waziri mkuu na magazeti

Uchaguzi wa mwezi wa tano 1960 uliipa MNC ya Lumumba viti 33 kati ya 137 vya bunge, zaidi ya chama kingine chochote. Katika Province Orientale ushindi ulikuwa mkubwa, na Jean-Pierre Finant akawa mkuu wa serikali ya jimbo. Lumumba aliunda serikali ya taifa.

Siku ya uhuru, baada ya mfalme kusifu kazi ya Leopold wa Pili, waziri mkuu alisimama bila kuwa kwenye ratiba. Mengi aliyoyataja yalikuwa yale ambayo karani wa Stanleyville aliyaona kila siku: kuitwa kwa dharau, sinema na mikahawa ya wazungu tu, sheria moja kwa mzungu na nyingine kwa mweusi, gereza kwa mwenye maoni tofauti. Hakuyasema kwa ajili ya wenye kadi, bali kwa ajili ya wote.

Baada ya siku tano askari waliasi. Tarehe 11 mwezi wa saba Katanga ilijitenga, na baadaye Kasai ya Kusini. Nchi ilikuwa inakatika vipande, na askari wa Ubelgiji walikuwa wamerudi. Katika hofu hiyo, mwezi wa nane, Lumumba alitangaza hali ya dharura na kufanya mambo ambayo yeye mwenyewe aliwahi kuyapinga. Serikali yake iliamuru kwamba chama chochote kisiundwe bila idhini, na ikajipa uwezo wa kuzuia magazeti yanayoivunjia heshima. Shirika la habari la Ubelgiji, Belga, lilifungwa. Gazeti la Courrier d'Afrique lilipochapisha maoni ya kumshambulia, mhariri wake alikamatwa, na baada ya siku chache gazeti likaacha kutoka.

Waliomtetea walisema nchi ilikuwa vitani, na hilo ni kweli. Walisema pia kwamba baadhi ya magazeti yalisaidia waliotaka kuivunja Congo. Lakini sheria ya kuomba idhini kabla ya kuunda chama ilikuwa ile ile ya wakubwa wa Stanleyville mwaka 1950. Yule aliyekataliwa kadi, akafungwa kwa hotuba, sasa ndiye aliyetoa na kunyima ruhusa. Ilimchukua wiki sita tangu siku ya uhuru.

Njia ya kurudi Stanleyville

Tarehe 5 mwezi wa tisa rais Joseph Kasa-Vubu alitangaza kumwondoa, na tarehe 14 kanali Mobutu akachukua nguvu. Lumumba alibaki nyumbani Léopoldville akizungukwa na askari wa Umoja wa Mataifa waliomlinda, na nje yao askari wa Mobutu waliotaka kumkamata. Marafiki zake walikuwa wakikusanyika Stanleyville chini ya Antoine Gizenga. Usiku wa tarehe 27 mwezi wa kumi na moja, mvua ikinyesha, alitoroka kwa gari kuelekea mji wake wa zamani.

Hakufika. Njiani watu walimtambua, wakamzunguka, na kila mara alishuka akazungumza nao. Walio pamoja naye walimsihi waharakishe. Hotuba hizo zilimpotezea saa nyingi. Alikamatwa Lodi, penye kivuko cha mto Sankuru. Inasimuliwa kwamba alikuwa amekwisha kuvuka, lakini Pauline na mtoto wao mdogo Roland walibaki ng'ambo mikononi mwa askari, na akarudi.

Alifungwa Thysville, na tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 alipelekwa kwa ndege Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Wote watatu walipigwa risasi usiku ule, mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa Wabelgiji. Alikuwa na miaka 35. Miili yao ilifukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi ili lisibaki kaburi. Habari ilipotangazwa mwezi wa pili, Pauline alitembea katika njia za Léopoldville kifua wazi, kama wajane wa kwao wanavyoomboleza. Mwezi huo huo Jean-Pierre Finant aliuawa Bakwanga.

Mnara wa kifo

Stanleyville ilimjengea mnara. Mwezi wa nane 1964 waasi wa Simba waliuteka mji na kutawala kwa jina lake mpaka tarehe 24 mwezi wa kumi na moja. Mbele ya mnara huo waliwaua hadharani watu waliodhaniwa kuwa maadui. Wengi walikuwa makarani, walimu, wafanyakazi wa serikali na wanasiasa: watu waliosoma, wenye kujua kuandika, waliofanana kabisa na Lumumba wa mwaka 1954. Wazee waliokuwa watoto wakati ule bado wanajua mahali hapo.

Mobutu, aliyesaidia kumwangusha, alimtangaza kuwa shujaa wa taifa mwaka 1966, mwaka ambao Stanleyville iliitwa rasmi Kisangani. Jina la Lumumba likawa la serikali, lakini vyama vilikatazwa na magazeti yakaimba wimbo mmoja. Waliomhifadhi kwa njia nyingine ni watu wa kawaida. Miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alimchora mara nyingi, na picha zake zikatundikwa katika nyumba za Lubumbashi.

Jeneza lapita Kisangani

Ubelgiji iliomba msamaha mwaka 2002, baada ya tume ya bunge lake kukubali kwamba nchi hiyo ilikuwa na lawama ya kimaadili katika kifo chake. Mwaka 2011 familia ilifungua kesi Brussels. Mwezi wa sita 2022, jino lake moja, ambalo askari polisi Mbelgiji aliyesaidia kuyeyusha miili alikuwa amelichukua, lilirudishwa kwa watoto wake. Jeneza lilipelekwa Sankuru alikozaliwa, kisha likaja Kisangani kabla ya kwenda Katanga alikouawa. Lilizikwa Limete, Kinshasa, tarehe 30 mwezi wa sita.

Hivyo Lumumba alikamilisha safari aliyoishindwa mwaka 1960, na wakaaji wa mji walitoka kumpokea. Kati yao walikuwemo vijana wanaotoa maoni yao kila siku kwa simu: juu ya muziki, gavana, mshahara wa mwalimu, vita vya mashariki. Hawaombi kadi kwa mtu. Lakini katika Congo ya leo bado kuna wanaokamatwa kwa walichosema au walichoandika, na bado kuna wanaoshangilia anayekamatwa akiwa wa upande mwingine. Karani wa posta wa Stanleyville alijua ubaya wa jambo hilo kwa sababu lilimpata yeye. Kwa muda mfupi wa mwezi wa nane 1960 alilisahau, na mji wake ulilipa zaidi kwa waliolisahau baada yake.